Mshahara wa dola, mshahara wa shilingi: ubaguzi wa kimfumo tuutafute wapi hapa Uganda?

Swali

Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mtunza ghala katika shirika moja la misaada, nyumbani ni Bombo. Juzi kazini tuliletewa semina ya siku nzima juu ya ubaguzi wa rangi wa kimfumo. Mkufunzi alizungumzia Marekani asubuhi mpaka jioni. Tulipotoka, wenzangu wakasema hayo ni ya Wamarekani, sisi huku shida yetu ni ukabila. Mimi sikutulia. Pale kwetu wanaotoka nje wanalipwa kwa dola na sisi kwa shilingi, hata pale kazi zinapofanana. Tena nyumbani mzee wangu akitajiwa Wahindi, hamalizi sentensi bila tusi. Nataka kulijua jambo hili vizuri na nifanye kitu cha maana, si kubeba bango siku moja na kurudi kulala. Nianzie wapi?

Jibu

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza la mshahara na umeuliza la mzee wako kana kwamba ni mambo mawili. Nitayajibu kwa pamoja, kwa sababu yamezaliwa na historia moja.

Kwanza nimtetee mkufunzi wenu kidogo. Fikra ya ubaguzi uliomo ndani ya taasisi ilipata umaarufu Marekani mwaka 1967, kupitia kitabu cha waandishi weusi Stokely Carmichael na Charles Hamilton. Walitumia mfano wa mji wa Birmingham, jimbo la Alabama. Mwaka 1963 wabaguzi walilipua kanisa la watu weusi mjini humo wakaua wasichana wanne, na dunia ikalaani. Lakini katika mji huohuo mamia ya watoto wachanga weusi walikuwa wakifa kila mwaka kwa kukosa chakula, makazi na matibabu, na hakuna aliyekamatwa. Vifo vile vya pili havina muuaji wa kuonyeshwa kidole. Vina bajeti, ramani, kanuni za mikopo na hospitali zilizojengwa upande mmoja wa mji. London nako, baada ya kijana mweusi Stephen Lawrence kuuawa na genge la wabaguzi mwaka 1993, ripoti rasmi ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 1999 ilitamka wazi kwamba polisi waliliharibu shauri lake kwa sababu, pamoja na mengine, ya ubaguzi uliokuwa ndani ya taasisi yenyewe. Hayo ni mambo ya kujua. Tatizo ni semina kuishia huko, wafanyakazi wa Kampala wakatoka wakidhani wameonyeshwa msiba wa jirani.

Kitu cha kushika ni hiki: mfumo hauhitaji mtu mwenye chuki ili uendelee. Ni kama mfereji. Aliyeuchimba alijua anataka maji yaende wapi, lakini akishakufa maji yanaendelea kufuata njia ileile, wala hayamchukii mtu yeyote. Kwa hiyo ukitaka kujua kama Uganda kuna ubaguzi wa kimfumo, usianze kwa kuuliza nani anamchukia nani. Uliza kanuni ipi iliwekwa, iliwekwa kwa ajili ya nani, na leo matokeo yake yanamwangukia nani.

Tuanze na mshahara, maana ndio uliokuuma.

Katika utumishi wa serikali ya kikoloni, Mzungu, Mhindi na Mwafrika walikuwa na viwango tofauti vya mshahara, na jambo hilo liliandikwa waziwazi katika vitabu vya serikali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waafrika wachache waliosoma walianza kufikia nafasi zilizokuwa za Wazungu, likazuka swali la nini wafanyiwe. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa umma katika Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, ikajibu mwaka 1948 kwamba asiye Mzungu, hata akishika cheo kilekile, alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Daktari wawili, wodi moja, wagonjwa walewale, na mmoja anapokea shilingi 60 kwa kila 100 za mwenzake. Sababu iliyotolewa ilivalishwa nguo za hesabu: gharama za maisha, hadhi, mahitaji ya mtu aliyeacha kwao akaja ng'ambo.

Waafrika na Wahindi walilipinga jambo hilo, na tume nyingine, ya Lidbury, ikapendekeza mwaka 1954 viwango vya rangi vifutwe na kuwe na ngazi moja ya mishahara kwa wote. Huo ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini soma sehemu ya pili ya mapendekezo yaleyale: afisa aliyeajiriwa kutoka ng'ambo aongezewe malipo ya kumshawishi aje na abaki. Neno "Mzungu" likaondoka kwenye karatasi, nafasi yake ikachukuliwa na "aliyeajiriwa kutoka nje". Kwa kuwa karibu wote walioajiriwa kutoka nje walikuwa Wazungu, mifukoni mambo hayakubadilika sana. Uingereza baadaye ikabeba sehemu hiyo ya malipo kama msaada kwa nchi zilizokuwa zinapata uhuru, na kwa mlango huo tofauti ikaingia katika dunia ya misaada ambayo wewe ndugu yangu leo unafanyia kazi.

Sisemi kwamba kila meneja anayelipwa kwa dola ni mkoloni. Wengi hawajui hata kwamba kulikuwa na Holmes. Wala si haki kusema kila tofauti ni ubaguzi. Mtu akihamishwa kutoka Nairobi au Geneva, ni sawa alipiwe nauli, kuhamisha mizigo, labda kodi ya nyumba. Shaka inaanza pale mshahara wa msingi, ule wa kazi yenyewe, unapotegemea pasipoti. Inazidi pale ambapo nafasi za kuamua zinatangazwa ng'ambo tu, au pale Mganda aliyefanya kazi ile miaka kumi anapoagizwa amfundishe kijana aliyeshuka Entebbe juzi, halafu kijana huyo anakuwa bosi wake. Na kuna jambo ambalo huwa linanisaidia kuona: angalia mgeni mweusi analipwaje. Kama Mkongo au Mkenya mwenye shahada ileile anawekwa kwenye ngazi ya wenyeji, na mgeni mweupe kwenye ngazi ya wageni, basi hoja ya "gharama za kuhama" imekwisha.

Wewe ni wa Bombo, mji wa Wanubi, kwa hiyo naamini unaijua habari ya mababu wa Wanubi, wanajeshi wa Kisudani walioasi mwaka 1897, wakapigana na Waingereza kule kwenye ngome ya Luba, Busoga. Vitabu vya zamani viliwaita waasi, basi. Malalamiko yao yalikuwa mshahara mdogo, tena unaocheleweshwa, na safari za kijeshi zisizokwisha. Waliobeba bunduki za himaya hiyo ndio waliolipwa vibaya zaidi. Swali lako la dola na shilingi lina umri mrefu katika ukoo wako kuliko katika shirika lenu.

Sasa nije kwa mzee wako na Wahindi, na hapa naomba subira kwa sababu ndipo watu wetu wengi wanapopotea njia.

Wahindi kama 32,000 waliletwa na Waingereza kujenga reli kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao. Wafanyabiashara waliofuata ndio waliofungua maduka mpaka vijijini. Serikali ya kikoloni iliwapangia mahali pao: biashara, ufundi, ukarani. Kununua ardhi ya Mwafrika hawakuruhusiwa bila idhini ya serikali. Mwafrika naye akapangiwa mahali pake, shambani. Alilima pamba, lakini kuichambua alihitaji leseni na kiwanda, na hivyo vilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Sheria ya mwaka 1933 iligawa nchi katika kanda za pamba, mkulima akalazimika kuuza ndani ya kanda yake kwa bei aliyoikuta. Juu kabisa ya ngazi walikaa maafisa na makampuni ya Ulaya. Katika Baraza la Kutunga Sheria lililoanza mwaka 1921, Mwafrika wa kwanza aliingia mwaka 1945, miaka 24 baadaye.

Fikiria mkulima wa Bugerere au Busoga wakati huo. Gavana hajawahi kumwona. Mkurugenzi wa kampuni ya London hamjui hata kwa jina. Anayemwona kila msimu ni Mhindi mwenye mizani. Kwa hiyo hasira yote ilikusanyika penye mizani. Mfumo wa ngazi tatu una faida hiyo kwa aliye juu: wa chini na wa kati wanagombana wao kwa wao.

Mwaka 1949 wakulima wa Buganda, wakiongozwa na chama cha Bataka na umoja wa wakulima wa Ignatius Musazi, walidai kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Kulitokea ghasia, watu walikufa, viongozi wakafungwa. Lakini angalia dai lenyewe lilivyokuwa sahihi: leseni. Walikuwa wameiona kanuni. Miaka mitatu baadaye, 1952, sheria ikabadilishwa, vyama vya ushirika vya Waafrika vikaruhusiwa kupata viwanda vya kuchambua pamba. Bugisu wakaanzisha ushirika wao wa kahawa mwaka 1954. Hiyo ndiyo hatua ya usawa iliyofanya kazi katika nchi hii, na inasikitisha kwamba watoto wetu shuleni wanamjua Rosa Parks wa Marekani lakini hawamjui Musazi.

Halafu ikaja 1972. Tarehe 4 Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90. Walioondoka ni zaidi ya 50,000, na wengi waliojiita raia wa Uganda waliambiwa karatasi zao hazifai. Maduka, viwanda na nyumba viligawiwa, kwa sehemu kubwa kwa wanajeshi na watu wa karibu na utawala. Mkulima wa pamba hakupewa chochote. Hali yake haikuboreka, na viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilidhoofika mpaka karibu kusimama. Mali ziliwekwa chini ya bodi maalumu, na hata mwaka 2019 Bunge lilikuwa bado linachunguza nani alichukua nyumba gani. Wenye mali walibadilishwa. Utaratibu uliomweka mkulima chini ulibaki palepale, ukiwa na bwana mpya mwenye silaha.

Ndugu yangu, naandika haya nikijua ninamwandikia Mnubi. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, Wanubi walihesabiwa wote kuwa watu wa Amin, hata bibi aliyekuwa akisuka vikapu vyake Bombo. Nyumba ziliporwa, watu wakakimbilia Sudan, Zaire na Kenya, na wengine hawakurudi. Walioteseka hawakuulizwa walifanya nini. Waliulizwa ni nani. Mzee wako huenda aliyapitia au alisimuliwa na waliopitia. Usimkosoe kwa mihadhara, haitasaidia na si adabu. Mwombe akusimulie mwaka 1979. Msikilize mpaka mwisho. Siku nyingine muulize 1972 ilikuwaje pale mjini, nani alipewa duka la nani. Mwache aziweke hadithi hizo mbili pamoja mwenyewe. Wazee wengi ninaowafahamu hufika hapo bila kusukumwa, na wakifika husema maneno mazito kuliko ya mkufunzi yeyote.

Na usidhani jambo hili ni la kale. Aprili 2007 wananchi walijitokeza Kampala kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kupewa kampuni ya sukari. Hoja yao ilikuwa nzuri, ya mazingira na ya mali ya umma. Katika maandamano hayo kundi la watu liliwavamia Wahindi barabarani, na Mhindi mmoja akauawa, mtu asiyehusika kabisa na msitu. Uamuzi ule ulikuwa wa serikali na kampuni moja. Kifo kikamwangukia mpita njia kwa sababu ya sura yake.

Kuhusu wenzako waliosema shida yetu ni ukabila tu: waambie wako nusu ya njia. Jiulize kwa nini Lugbara na Alur wengi walikwenda kukata miwa Lugazi na Kakira, na kwa nini jeshi la kikoloni liliajiri sana kaskazini. Katika miaka ya 1920 serikali iliamua kwamba pamba ihimizwe kusini na wilaya za mbali, kama West Nile, zibaki kuwa chanzo cha vibarua. Maafisa walikuwa na orodha vichwani mwao ya makabila ya vita, makabila ya jembe, makabila ya utawala. Fikra iliyopanga Mzungu, Mhindi na Mwafrika katika ngazi ndiyo iliyompanga Muganda, Mlugbara na Mtwa, mwenyeji wa misitu ya kusini magharibi. Ukabila tulionao umechanganyika na rangi tangu mwanzo, na ukiutibu peke yake utashangaa kwa nini haupoi.

Batwa ndio walioko chini kabisa ya ngazi hiyo, na hapo sisi Waafrika weusi hatuna wa kumsingizia. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilifanywa hifadhi za taifa, Batwa waliokuwa wakiishi humo na kwa msitu huo wakaondolewa, wengi bila fidia wala ardhi. Watalii wanalipa mamia ya dola kuona sokwe wa milimani (gorila) mahali ambapo Batwa hawaruhusiwi kuchukua asali. Majirani zao huwabagua katika chakula, ndoa na ajira. Lakini tazama walivyofanya. Mwaka 2013 Batwa na shirika lao walifungua shauri, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kuondolewa kwao kuliwaacha wametengwa na kunyimwa, na kwamba wanastahili hatua maalumu za kusawazisha chini ya Ibara ya 32 ya Katiba. Utekelezaji unasuasua. Hata hivyo watu wanaodharauliwa kuliko wote nchini ndio waliotupa hukumu tunayoweza wote kuitumia, na kama una fedha kidogo au muda wa kutoa, wafikirie wao kabla ya kampeni yoyote ya mbali.

Kuna ubaguzi pia katika uraia. Katiba yetu inampa uraia wa kuzaliwa yule ambaye jamii yake ilikuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa. Wanubi mmo. Wahindi waliozaliwa hapa vizazi vinne hawamo. Wamaragoli wa Kiryandongo hawamo, na wamehangaika sana kupata vitambulisho. Mimi naona orodha ile ni kosa, na kwamba mtu aliyezaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa asihitaji kabila la kumdhamini.

Ramani ya Kampala nayo ni darasa la bure. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na Waingereza, alizunguka Afrika Mashariki akashauri kila mji uwe na mitaa tofauti ya Wazungu, Waasia na Waafrika, na kati ya makazi ya Wazungu na ya wengine kuwe na eneo tupu lisilopungua upana wa yadi 300. Kisingizio kilikuwa malaria. Nakasero na Kololo zikajengwa juu, zenye barabara na miti; Katwe na Kisenyi zikaachwa nje ya mipango. Siku mvua kubwa inaponyesha, panda Kololo kisha ushuke Bwaise, uone maji yamesimama wapi. Anayekaa Kololo leo anaweza kuwa waziri mweusi kama wewe na mimi. Mitaro iko vilevile.

Haya, kazi.

Anzia pale unapolipwa, kwa sababu ndipo una ushahidi. Usianze na neno "ubaguzi" mbele ya meneja. Atajitetea nafsi yake na mazungumzo yatakufa hapo. Anza na maswali ya utaratibu, kwa maandishi, na kwa pamoja na wenzako watatu au wanne wa idara tofauti. Ulizeni ngazi za mishahara ya msingi ni zipi na kila ngazi inafafanuliwaje. Ulizeni nani anaingia ngazi ya kimataifa na kwa kigezo gani: ujuzi, mahali alipoajiriwa, au uraia. Ulizeni katika miaka mitano iliyopita ni wenyeji wangapi wamepanda mpaka nafasi za kuamua, na nafasi zile zilitangazwa wapi. Ulizeni bima ya afya, posho ya safari na utaratibu wa kuhamishwa wakati wa hatari. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linaloonyesha maisha ya nani yamehesabiwa: vurugu zikitokea Karamoja au mpakani, gari linamchukua nani na linamwacha nani?

Ongezeni na maswali yanayowauma ninyi wenyewe. Walinzi na wafagizi wameajiriwa na nani, na kwa shilingi ngapi? Wakimbizi wa Kongo mnaowatumia kama wakalimani wa Kiswahili, wanalipwa mshahara au wanapewa "motisha"? Wenyeji walioajiriwa makao makuu wametoka mikoa gani? Mkidai haki ya ngazi ya juu yenu huku mkiikalia ya chini yenu, meneja ataliona hilo kabla yenu.

Sheria iko upande wenu. Ibara ya 21 ya Katiba inakataza ubaguzi wa rangi, asili na kabila. Ibara ya 40 inataka malipo sawa kwa kazi sawa bila ubaguzi, na inampa mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kubagua kwa rangi na asili ya kitaifa, na kumfukuza mtu kwa sababu tu amewasilisha malalamiko yenye msingi si sababu halali. Jibu lisipokuja, afisa wa kazi wa wilaya ndiye mlango wa kwanza. Mlango mwingine ni Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2007 na yenye uwezo wa kusikiliza mashauri kama baraza la hukumu. Watu wengi wanadhani tume ile ni ya wanawake na watu wenye ulemavu tu. Rangi na asili zimo ndani ya kazi yake, na kadiri malalamiko ya aina hiyo yanavyokosekana mezani kwake ndivyo serikali inavyoendelea kusema tatizo halipo.

Kwa mambo ya serikali, kama mitaro ya mtaa wenu au ugawaji wa viwanja, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Raia anaomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Shirika lenu halibanwi na sheria hiyo, kwa hiyo usiitaje kwenye barua yenu. Mtaonekana hamjui mnachodai.

Kusoma nako kuendelee. Maktaba ya Makerere ina sehemu ya Africana, na nyaraka za taifa ziko Wandegeya. Ripoti za tume za mishahara na za pamba ni karatasi za serikali, zimeandikwa kwa lugha kavu, na ukavu huo ndio unaotisha. Ukipata hata kurasa chache za viwango vya mishahara vya miaka ya 1940, zipige picha uzipeleke kazini. Nimeona vikao vikibadilika kwa karatasi moja ya aina hiyo, kwa sababu kila mtu mezani anaona safu zile tatu na kuanza kutafuta ya kwake.

Tarajia kuambiwa bajeti haitoshi. Huenda ni kweli, hasa sasa fedha za wafadhili zinapopungua. Jibuni kwamba hamjaomba nyongeza bado. Mmeomba kigezo kiandikwe. Shirika ambalo haliwezi kuandika kwa nini watu wawili wanalipwa tofauti kwa kazi moja limeshajibu swali. Na barua ikipelekwa, isainiwe na wote, ipelekwe kwa meneja na nakala kwa bodi, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukitaka niisome rasimu kabla hamjaipeleka, niletee, ila ondoa kwanza majina ya watu na jina la shirika.